Dirisha Ambalo Dancille Hakuliona

Zéphirin alizaliwa Butembo, katika ukoo wa wafanyabiashara Wanande waliosafirisha maharage na mawese mwendo wa siku nyingi na kurudi na vitenge. Biashara haikumwingia. Alikuja Goma kusoma informatiki, akamaliza, na barabara ya kurudi kwao ilipokuwa ya kuombewa sala kabla ya kuipita, akabaki. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka thelathini na minne, chumba kimoja cha mbao katika mtaa wa Birere alimotengenezea kompyuta za watu, na sifa iliyomtangulia: mashine iliyokufa mikononi mwa fundi mwingine, kwake ilifufuka.

Alipenda mashine dhaifu. Alichukia programu inayokula memori bure, kama mama mwenye nyumba anavyochukia mgeni anayemaliza chakula kabla watoto hawajala. Kompyuta yake mwenyewe ilikuwa na Linux, na alikuwa ameipunguzia vitu hadi skrini ikabaki nyeusi tupu. Hapakuwa na picha, wala menyu, wala alama ya kubonyeza. Kila kitu alikiendesha kwa vidole, kwa kubana vitufe viwili au vitatu pamoja. Mtu akiiazima, alikaa mbele yake bila kujua aanzie wapi, na Zéphirin alifurahi kidogo moyoni. Alikuja kuijutia sana furaha hiyo.

Mwezi wa pili, kambi za waliokimbia vita za upande wa Sake zilipovunjwa, watu walitawanyika ndani ya siku chache tu. Wengine walirudi milimani Masisi, wengine waliingia mjini, na watoto wengi walipotea njiani kati ya mizigo na makundi ya watu. Parokia moja ya magharibi mwa mji ilifungua chumba kidogo cha kuandika majina: nani anatafuta nani, na mtoto gani ameonekana wapi. Abbé Édouard, padri aliyeanzisha kazi hiyo, alipewa kompyuta tatu kuukuu za kubeba mkononi, kila moja ikiwa na giga moja tu ya memori. Akamwita Zéphirin.

Aliyekuwa akiandika majina aliitwa Dancille, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Masisi, mama wa miaka hamsini na miwili. Yeye mwenyewe alikuwa amelala chini ya turubai katika kambi ya Mugunga mwaka mmoja na nusu. Hakumsalimia fundi kwa maneno mengi.

"Teknisien, angalia mwenyewe," alisema. "Nafungua liste ya kwanza, inakuya. Nafungua ya pili, mashine inalala. Mama iko mbele yangu analia, na mimi niko nangojea mashine iamuke."

Orodha zilikuwa mbili kweli. Moja ilitoka Mugunga, nyingine Lac Vert, kila moja na majina zaidi ya elfu mbili. Zéphirin aliketi, akawasha mashine, akatazama. Kabla Dancille hajafungua chochote, zaidi ya nusu ya memori ilikuwa imeliwa na mapambo: vivuli vya madirisha, picha, vitu vinavyocheza skrini ikifunguka. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa imevikwa koti zito kuliko mwili wake.

"Si kitu, mama," alisema. "Mfumo tunauacha uleule. Tunabadilisha tu programu inayopanga madirisha, ile inayoamua dirisha likae wapi na ulifunge kwa kubonyeza wapi. Ziko nyepesi nyingi."

Alizijaribu nne kwa siku mbili, jua likiwaka vizuri juu ya paneli ya parokia. Mbili za kwanza, IceWM na JWM, zilikuwa na mstari chini ya skrini wenye majina ya madirisha yote yaliyofunguliwa. Mtu yeyote aliyewahi kugusa kompyuta angezielewa. Ya tatu, Openbox, iliacha skrini wazi, na menyu ilitokea ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Ya nne ilikuwa ile aliyoitumia mwenyewe, ambayo alikuwa ameikatakata na kuishona upya miaka yote hiyo. Hiyo ilipanga madirisha ubavu kwa ubavu kama vigae, na ilikuwa na skrini tisa za kufikirika, moja nyuma ya nyingine, ambazo mtu alizipitia kwa vitufe.

Akapima. Ya nne ndiyo iliyokula kidogo kuliko zote. Ilizishinda mbili za kwanza kwa mega kumi na tatu.

Mega kumi na tatu, katika kazi ile, hazikuwa kitu. Orodha zote mbili zilifunguka vizuri kwa programu yoyote kati ya zile nne, na Zéphirin aliliona hilo kwa macho yake. Lakini Abbé Édouard alipouliza ipi ni nyepesi zaidi, alijibu, "Ya nne," na hakusema uongo. Kisha, kwa sababu skrini zilikuwa ndogo, aliuficha hata mstari mwembamba wa juu uliomwonyesha mtu yuko kwenye skrini ya ngapi. Hivyo orodha ilipata safu mbili zaidi za majina. Aliona amefanya jambo zuri.

Alimfundisha Dancille asubuhi moja. Mama yule aliandika kila kitu katika daftari, kwa mwandiko wa mwalimu, mstari kwa mstari.

"Hii ya kufinya mbili pamoja," aliuliza, "nikikosea je?"

"Hautakosea, mama. Utazoea."

Kwa wiki tatu kila mtu alimsifu. Orodha zilifunguka kabla mtu hajamaliza kuketi. Dancille alizoea kweli, au alionekana kuzoea. Aliziweka orodha zake mbili kando kwa kando na kutafuta majina katika moja baada ya nyingine. Watoto thelathini na wanne walirudi kwa wazazi wao. Zéphirin akirudi Birere aliwahadithia mafundi wenzake jinsi mashine za giga moja zilivyokuwa zikikimbia.

Jumanne moja akaingia mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni. Jina lake Émérance, mkulima wa milima ya Masisi. Siku ile mabomu yalipoanguka karibu na kambi ya Lac Vert, alikimbia akiwa na kichanga mgongoni na binti yake Bénita, wa miaka sita, mkononi. Kwenye msongamano wa barabarani watu walisukumana, na mkono ukaachana na mkono. Tangu hapo alikuwa amezunguka makanisa, shule na vituo vya afya. Mtu mmoja alimwambia kwamba parokia hii ina mashine yenye majina ya watoto.

Dancille alimpa kiti. Asubuhi hiyo, wakati akivuta kompyuta karibu, vidole vyake vilikuwa vimebana vitufe visivyotakiwa, na orodha ya Lac Vert ikahamia kwenye skrini ya nne bila sauti wala alama. Mbele yake ilibaki orodha moja tu, imejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Haikumshangaza. Abbé Édouard alikuwa amesema wiki ile ataziunganisha orodha mbili ziwe moja, na Dancille akadhani kazi hiyo imekwisha.

Akaandika: Bénita. Akaandika jina la mama. Akaandika jina la kijiji.

"Mama, hayuko."

"Angalia tena."

Akaangalia tena, akabadilisha herufi, kwa maana majina yaliandikwa na watu wengi na kila mtu na masikio yake. Akaangalia mara ya tatu. Émérance alikuwa amesimama nyuma yake akitazama herufi asizoweza kuzisoma.

"Hayuko, mama yangu. Pole sana. Urudi tena kisha wiki mbili, pengine."

"Sirudi," alisema Émérance, bila kupaza sauti. "Kesho kuko camion inapanda Masisi. Nikikosa ile, shamba itapotea, na huyu wa mugongo atakula nini? Nimetafuta. Sasa Mungu ameona nimetafuta."

Alishukuru, akakaza kitenge, akatoka. Dancille aliandika jina lake katika daftari, kama alivyowaandika wote waliokuja. Émérance hakuwa na namba ya simu.

Siku tisa baadaye Zéphirin alifika kupangusa vumbi na kuangalia betri za mashine, ambazo usiku zilifunikwa tu bila kuzimwa. Aliketi mbele ya mashine ya Dancille na, kwa mazoea ya vidole vyake, akapitia skrini zote tisa moja moja. Kwenye ya nne akasimama.

"Mama Dancille, liste ya Lac Vert inafanya nini huku?"

"Huku wapi?"

"Nyuma. Skrini ya nne."

Dancille alikuja, akainama, akatazama. Hakuelewa mara moja. Kisha akavuta kiti, akamsogeza fundi kwa bega, akaandika mwenyewe jina moja. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili ukajitokeza: Bénita, miaka sita, jina la mama Émérance, kijiji kilekile. Ameonekana barabarani siku ya mabomu. Yuko Kibati, kaskazini mwa mji, kwa familia iliyompokea.

Dancille aliweka kiganja mdomoni. Halafu akachukua daftari lake, akaanza kumtafuta upya kila mtu aliyemjibu "hayuko" tangu Jumanne ile. Walikuwa kumi na mmoja. Zéphirin alisimama karibu yake akisikia vitufe vikibonyezwa, jina baada ya jina, akiomba yasitokee mengine. Hayakutokea. Alikuwa huyo mmoja.

"Zéphirin," alisema Dancille, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Nilikuuliza. Nilikuuliza nikikosea je. Ukasema sitakosea."

"Mama..."

"Mimi nimefundisha batoto miaka ishirini na sita. Mutoto akikosea, mwalimu anaona palepale. Mashine yako ilinificha kosa langu mwenyewe."

Akafunga kompyuta. Siku hiyo aliandika katika daftari tu, na aliyemuuliza kwa nini alimjibu, "Daftari haifiche mutu."

Zéphirin alipanda pikipiki hadi Lac Vert siku hiyohiyo. Mahali palipokuwa kambi palikuwa na mawe meusi ya volkano, vigingi, na wanawake wachache wakiokota vipande vya turubai. Hakuna aliyemjua Émérance. Wengi walikuwa akina Émérance kwao: mama mwenye kichanga mgongoni, ametoka Masisi, amerudi Masisi. Aliendelea mpaka Sake, akauliza waliokuwa wakipakia mizigo kwenye malori, akaonyesha jina limeandikwa kwenye karatasi. Dereva mmoja akamwambia kwa upole, "Muzee, huko juu reseau ya simu hakuna. Andika barua."

Abbé Édouard ndiye aliyeandika. Barua kumi na saba, moja kwa kila kikanisa cha njia ya Masisi alichokijua, isomwe baada ya Misa: mama Émérance, binti yako Bénita yuko hai. Alizikabidhi kwa wachuuzi, kwa mtawa mmoja, kwa mtu wa ng'ombe aliyekuwa akipanda kutafuta mifugo yake. Hakumlaumu Zéphirin. Alimwomba tu amsindikize Kibati kumwona mtoto.

Bénita alikuwa uani akimenya maharage na watoto wa nyumba ile. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu mzima. Alipoona padri akasimama.

"Mama anakuya?"

Padri alimtazama Zéphirin. Zéphirin akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Tunamutafuta," alisema.

"Yeye pia ananitafuta," alisema Bénita, kama anayemfahamisha jambo asilolijua, akarudi kwenye maharage.

Wiki iliyofuata Zéphirin hakufungua chumba chake Birere. Majirani walidhani ni mgonjwa. Siku ya nne alikwenda parokiani, akaketi kwenye benchi mpaka Dancille alipomaliza na mtu wa mwisho.

"Mama, nifundishe."

"Nikufundishe nini? Mimi sijui mashine."

"Nifundishe unavyofanya kazi. Unaangalia wapi kwanza? Nini inakuchanganya?"

Dancille alivuta daftari mbele yake kana kwamba analilinda. Alisema, "Nikifungua vitu tatu, nataka nione majina ya vitu tatu. Hata kama sivitumie. Kama mu darasa: mutoto akitoka nje, kiti yake naiona haina mutu. Ile yako, mutoto akitoka, na kiti inatoka."

Zéphirin hakuandika lolote. Hakuhitaji. Alichukua mashine tatu, akaweka programu moja tofauti kwenye kila moja, na safari hii hakumwambia ipi ni nyepesi. Kwa siku tatu Dancille alifanya kazi kwa zamu kwenye kila mashine, daftari likiwa pembeni, na Zéphirin alikaa nyuma yake akinyamaza. Kunyamaza kulimshinda mara nyingi. Vidole vilimwasha kila alipomwona akienda na kipanya kutoka pembe moja ya skrini hadi nyingine kutafuta kitu ambacho yeye angekipata kwa kitufe kimoja.

Openbox aliikataa kabla ya saa sita. "Hapa sioni kitu. Ni nyumba haina mulango." Kati ya mbili zilizobaki alisitasita. Mwishowe akaichagua IceWM, kwa sababu pale alipofungua orodha mbili, majina yake chini ya skrini aliyasoma bila kuvaa miwani. Zéphirin aliongeza ukubwa wa herufi. Akaondoa skrini zote za nyuma, ikabaki moja tu. Akaondoa na vile vitufe vya kubana pamoja, kimoja kimoja, vyote alivyovipenda. Mashine ikafungua orodha upesi kama zamani. Zile mega kumi na tatu hakuna aliyezitafuta.

Hata hivyo Dancille hakuliacha daftari. Kila jina aliliandika mara mbili, kwenye karatasi na kwenye mashine, na kazi ikaenda polepole kuliko mwanzo. Hakuna aliyethubutu kumwambia aharakishe.

Barua za padri hazikujibiwa. Wiki ya tano ilipita, ya sita, ya nane. Upande wa Masisi kulisikika tena milio ya bunduki, na vijiji vingine vikakimbia mara nyingine. Zéphirin alianza kuogopa Jumatatu, siku wachuuzi waliposhuka na habari. Kila mara alimuuliza padri kwa macho, na kila mara padri alitikisa kichwa.

Wiki ya kumi na moja Émérance akaingia chumbani na mtoto wake mgongoni. Dancille hakumtambua. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

"Mulisema mutoto yangu iko," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimetembea siku mbili. Kama ni Bénita wa mutu mwingine, muniambie sasa."

Ilikuwa hivi: aliporudi kijijini na kusema kwamba hata mashine ya mapadri haina jina la mtoto, wazee wa ukoo waliamua hakuna tena cha kungoja. Wakamlilia Bénita siku tatu, bila mwili, bila kaburi. Mama akanyolewa. Barua ilipofika kikanisani na kusomwa, jirani yake alimkimbilia shambani, naye akakataa kusadiki kwa siku nne nzima.

Bénita aliletwa kutoka Kibati mchana ule kwa pikipiki, amekaa mbele ya mama aliyempokea. Aliposhuka na kumwona yule mwanamke asiye na nywele, alijificha nyuma ya kitenge cha mwenyeji wake. Émérance hakumfuata. Alipiga magoti palepale juu ya mawe, akamwita kwa Kihunde, kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine pale aliyelijua. Mtoto alitoa kichwa. Alitazama. Kisha akaenda, kwa hatua za kuhesabu, akagusa kwanza kile kichwa chenye upara, halafu uso, halafu mguu wa ndugu yake mchanga, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Zéphirin alikuwa amesimama kando ya mlango. Angeweza kuondoka. Aliwangoja wanyamaze, akasogea.

"Mama, kosa ni yangu. Mutoto wako alikuwa mu mashine siku ile ulikuja. Mimi ndiye niliipanga vibaya mpaka huyu mama hakumuona. Ninaomba pardon."

Émérance alimsikiliza mpaka mwisho, akimpapasa mtoto mgongoni.

"Mimi sijui mambo ya mashine," alisema. "Tulimulilia siku tatu. Robe yake nilipatia mutoto ya dada yangu, juu wafu hawavaye. Sasa huyu atavaa nini?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu. Maneno ya kusamehe hayakutoka kinywani mwa Émérance siku ile, wala hakuna aliyemlazimisha kuyatoa.

Walipokuwa wanajiandaa kuondoka, Émérance alisimama mbele ya meza ya Dancille, akaitazama ile kompyuta kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Sasa inaona bantu yote?"

"Inaona, mama," alijibu Dancille. "Nami naona."

"Basi andika na bwana yangu. Anaitwa Josias. Alibaki nyuma kufunga mbuzi siku tulikimbia Masisi mara ya kwanza. Ni mwaka wa pili sasa."

Dancille alitafuta kwanza katika orodha zote mbili, akimwonyesha kwa kidole: hii ya Mugunga, hii ya Lac Vert. Josias hakuwamo. Akaandika jina lake kwenye daftari, kisha kwenye mashine: miaka thelathini na minane, mrefu, kovu juu ya jicho la kushoto. Émérance alimwomba amsomee kwa sauti kilichoandikwa. Akamsomea. Akamwomba arudie, na Bénita alisikiliza akiwa ameshika kitenge cha mama yake.

Walilala Kibati usiku mmoja, wakapanda Masisi na lori la kwanza. Zéphirin alifungua tena chumba chake Birere, na kila Jumatatu anakwenda parokiani kuangalia zile mashine tatu. Jina la Josias liko bado kwenye orodha, halijapata jibu.